Vita vya Mwalimu Placide na Ubao Uliokataa Chaki

Sogeeni, enyi waungwana wa Kasongo, nanyi wakulima wa Kabambare wekeni majembe yenu chini kidogo, na asiye na nafasi ajipe nafasi, kwa maana ninayoyaleta si habari za kuku kuibwa. Naleta tarihi ya Mwalimu Placide, Simba wa Chaki, mwenye koti moja lililopigwa pasi ya makaa, aliyesimama mbele ya mbao tatu, akashindwa, kisha akashinda.

Ilikuwa mwaka wa 1953, enzi ya Wabelgiji. Juu ya kilima nje ya Kabambare mapadri walikuwa wameanzisha shule ya kufundisha walimu, shule ya mbali hata barua kutoka Kasongo ilifika imechoka. Ilikuwa na darasa moja, wanafunzi kumi na mmoja wenye ndevu, na ubao haikuwa nao. Barua ikasema mkaguzi wa serikali atakuja Ijumaa, na akikuta darasa halina vifaa vya kufundishia, atalifunga. Maana yake ilijulikana: kijana asiye na shule alikuwa mali ya shamba la pamba, na nyuma ya pamba ile kulikuwa na fimbo. Placide aliisoma barua mara tatu, na kwa kweli aliogopa.

Lakini shujaa huogopa akiwa kazini. Akapanga darasa lake kama amiri apangavyo majeshi: akapima mwanga wa dirisha, akamtoa mrefu mbele ya mfupi, akaamuru ubao uinuliwe shubiri nne kutoka sakafuni, yote akayaandika katika mpango wa kurasa tisa. Seremala akaziunganisha mbao tatu. Ikabaki rangi nyeusi, na hapo ndipo bwana wetu alipoteleza. Alikusanya masizi ya vyungu, akajiuliza ni kitu gani katika Maniema kisichotengenezwa kwa mawese. Mtoto mchanga hupakwa mawese, bawaba hupakwa mawese, na mboga bila mawese ni majani tu. Akayakoroga masizi kwa mawese, akapaka mara tatu.

Ubao ukang'aa hata mtu aliweza kuhesabu meno yake. Jumatano asubuhi Placide akachomoa chaki mfukoni kama upanga alani, akashambulia. Chaki ikateleza. Akauendea ubao kwa ubavu wa kushoto, ikateleza tena. Vipande vinne vya chaki vilianguka siku ile, wala hakuna herufi moja iliyosimama.

Alimasi, mkubwa wa wanafunzi, akainuka akahutubu. "Mwalimu, mutu wa kutuongoza, ubao iko muzuri, hata padri hana kioo kama hii. Lakini inakataa kuandikwa, na Ijumaa iko kesho kutwa. Mimi pamba nililima miaka mbili. Sitaki kurudi kule."

Hakuna aliyecheka. Placide akateremka kilima, wanafunzi wake nyuma yake, yeye mtu wa misa ya kila asubuhi, hadi ua wa mama Amisa, mjane Mwislamu aliyepika sabuni ya soko zima. Mama alimsikiliza huku akikoroga chungu chake, kisha akanena.

"Mwanangu, mawese haiogopi kitabu, haiogopi fimbo. Mawese inaogopa majivu. Nitakupa maji ya majivu ya maganda ya ndizi, musugue mupaka itoke povu. Kisha mutwange majani ya muhogo, muchanganye maji yake na masizi. Lakini mimi sitatwanga. Mikono yangu iko miwili, ninyi muko na ishirini na ine."

Basi hilo ndilo lililokuwa jaribu kuu. Mwanamume kutwanga sombe, yaani hayo majani ya muhogo, kinuni ilikuwa hadithi ya mwaka mzima, na majani yenyewe ndiyo yaliyokuwa chakula chao cha Alhamisi. Kule mtoni, chini ya ua, wanawake walikwisha kuacha kufua, wakisubiri. Placide akawatazama, akautazama mchi, akalivua lile koti lake moja. Akatwanga. Alimasi akamfuata, na wengine kumi wakafuata; wakausugua ubao kwa maji ya majivu, wakaupaka upya, na Alhamisi walikula bukari, ugali wao, na chumvi tu, wakiwa weusi hadi viwikoni.

Ijumaa mkaguzi akaja. Kurasa tisa hakuzifungua. Alikwenda moja kwa moja ubaoni, akachukua chaki mwenyewe, akavuta mstari kutoka pembe hadi pembe, na watu kumi na wawili wakazuia pumzi. Chaki ikauma. Mstari ukakaa, mweupe, mnene, bila kuyumba. Mkaguzi akausogelea ubao, akaunusa.

"Hii inanuka chakula," akasema, akaandika kitabuni mwake kwamba darasa lina vifaa.

Basi na ikumbukwe, enyi mliosogea. Wengine waliteka ngome, wakaangusha wafalme, wakaimbiwa. Placide, Simba wa Chaki, Mtwanga Sombe, aliteka mbao tatu. Na msimu ule wa pamba, shamba la serikali lilikosa watu kumi na mmoja.