Mzee Tanuri Alivyokisafisha Kinamasi

Josephat hajakaa sawasawa kwenye benchi la kahawa la Dina, pale kwenye kituo cha bodaboda cha Ilembo, tayari ameanza kutangaza. Ndiyo maana wanamwita Redio. Hana betri wala antena, lakini hazimiki.

"Nyie, mmesikia ya asubuhi? Wataalamu wamesema ule utando wa kijani unaoelea kwenye madimbwi ndiyo babu zetu!"

"Babu zako wewe," Dina akamjibu huku akimmiminia kahawa. "Wangu ni Wapimbwe wa Usevya, na tunawajua kwa majina."

"Sikiliza kwanza! Zamani hizo, kabla ya mti, kabla ya samaki, kabla hata ya mjumbe wa nyumba kumi, dunia haikuwa na hewa ya kuvuta. Vikatokea vidudu majini, havionekani kwa macho. Vinakula hewa ukaa na mwanga wa jua, vinatoa oksijeni. Mamilioni kwa mamilioni ya miaka vinapiga kazi hiyohiyo. Sisi tumekuja juzi, tunavuta tu."

"Bila likizo?" akauliza Innocent, kijana wa bodaboda anayeitwa Helmeti kwa sababu hajawahi kuivaa.

"Bila likizo! Halafu vikifa vinazama. Utando, majani, matete, vyote vinalala kwenye tope. Kule chini hakuna hewa, kwa hiyo haviozi vikaisha. Kidogo kinatoka kama mapovu, lakini kingi kinabaki kimefungwa humo miaka na miaka. Ila ukilichimbua tope ukalianika juani, kwisha habari. Linaoza, na hewa ukaa yote inarudi juu. Kinamasi ni ghala, jamani!"

Mzee Gelasius akabaki na kikombe mdomoni, hanywi wala hashushi. Alichoma matofali mpaka magoti yalipomkatalia, na jina la Tanuri lilimbakia tangu enzi hizo. Nyuma ya nyumba yake kulikuwa na kinamasi alichoachiwa na baba yake, na majirani walikuwa wamekichoka kwa mbu, vyura na harufu. Mwenyekiti wa mtaa alikwishaagiza malori ya kifusi. Kilichoyazuia ni mtaalamu mmoja tu, aliyetakiwa kufika leo saa nne kukipima. Akisema kina faida, kinabaki. Akisema hakina, malori yanamwaga. Gelasius alikipenda kinamasi kile kuliko alivyoweza kusema mbele za watu. Humo ndimo alimofundishwa na baba yake kukamata kambale kwa mikono, yeye na kaka zake wawili, na wote hao sasa ni marehemu.

"Mzee Tanuri, umeula!" Helmeti akapiga kofi benchi. "Hilo tope lako litamtoa mtaalamu jasho!"

Gelasius akakohoa. "Lingemtoa."

"Lingemtoa kivipi?"

"Nimekisafisha."

Dina akashusha birika. "Umesafisha nini, baba?"

"Kinamasi. Jumamosi, mimi na shemeji zangu wanne. Sasa mgeni anakuja, mtu kasoma, nimpokee na uchafu? Tumeng'oa matete, tumekomba tope, tumelianika ukingoni kama la kufyatulia matofali. Na ule utando nimeuopoa kwa chandarua cha mke wangu Rozalia."

"Umewavua babu zetu kwa chandarua!" Redio akashika kichwa.

"Nikakimwagia na sabuni ya unga. Kidogo tu, kwa ajili ya harufu."

Hapo hakuna aliyevumilia. Dina alicheka mpaka akajifuta machozi kwa khanga, na Helmeti akateleza kwenye pikipiki aliyokuwa ameiegemea.

"Chekeni," Gelasius akasema. "Wakikifukia, mimi nikamkumbukie wapi baba yangu? Kwenye kifusi?"

Kijiwe kizima kikaona aibu.

"Saa ngapi sasa?" Redio akauliza.

"Saa tatu kasoro robo."

"Basi tope tunalirudisha. Twendeni!"

Wakaenda. Makoleo yakaazimwa, makarai yakatafutwa, na tope lililoanza kukauka likarudi majini kwa fujo. Redio alisimamia bila kushika kitu, akipiga kelele kwamba jeusi litangulie, jekundu lifuate. Helmeti alizama mpaka magotini, akatoka na ndala moja. Gelasius alibeba karai kwa karai, magoti yakimlia, wala hakupumzika.

Saa nne kamili mtaalamu akafika, dada mmoja mpole aitwaye Thacienne, begani amebeba bomba refu la plastiki.

"Shikamooni, wazee."

"Marahaba, mwanangu, karibu sana," Gelasius akasema, tope likimchuruzika viwikoni. "Utuwie radhi. Hatukukitayarisha kabisa, kiko hivihivi tangu zamani."

Thacienne akalididimiza bomba ukingoni, akalivuta. Likatoka kwa shida, ndala imeng'ang'ania kwenye mdomo wa bomba. Akalaza tope lake juu ya turubai, akaliangalia tabaka kwa tabaka.

"Tope la kinamasi lina utaratibu wake," akasema. "La chini ndilo la kale. Sasa hapa juu naona tope. Chini yake povu la sabuni. Chini ya sabuni, ndala. Kwa hiyo hapa Ilembo ilianza ndala, ikafuata sabuni, ndipo ukaja uhai."

Helmeti akaufukia mguu wake mtupu kwenye majani. Gelasius akavua kofia.

"Mwanangu, kosa ni langu. Nilikisafisha kwa heshima yako."

Thacienne akalinyanyua bomba lake. Akapita kwenye maji mpaka katikati, palipobaki matete machache, akalididimiza bomba tena. Safari hii lilizama karibu lote, likatoka limejaa tope jeusi tititi.

"Hapa hamkugusa?"

"Shemeji zangu waliogopa kuzama."

"Wapelekee salamu zangu. Hili liko zima. Nitamwambia mwenyekiti kifusi kisimwagwe."

Gelasius akageukia upande mwingine, akajifuta uso kwa kiganja chenye tope, hata hakujali.

"Lakini kuna sharti," Thacienne akaendelea. "Kisiguswe. Hakuna kuchimba, hakuna kufyeka, hakuna kusafisha. Nataka kamati ya watu wanaoweza kukaa hapa ukingoni kila siku, miaka na miaka, bila kufanya kitu chochote."

Mikono yote ikapaa kwa mpigo.

"Mna uzoefu?" akauliza.

"Dada yangu," Dina akadakia, "hawa nawauzia kahawa mwaka wa kumi na moja huu. Leo ndiyo mara ya kwanza nawaona wakifanya kazi, na umejionea mwenyewe walichofanya."