Dalili Nilizoificha Simu

Jumatatu, 3 Machi
Vidoa vyeusi vinaelea kwenye jicho la kulia. Pembeni kunamulika kama radi. Nimekata suruali ya mwalimu mkuu, mguu mmoja mfupi! Mke wangu kasema niende kwa kaka yake, fundi wa miwani. Kwa shemeji? Aliyetangaza mbele ya wakwe kwamba nashona kwa kupapasa? Thubutu! Nikaiuliza akili bandia ya simuni. Nikaeleza yote. Ikajibu niende hospitali leo hii: huenda utando wa nyuma ya jicho unabanduka, nikichelewa nitapofuka. Nikaizima simu. Kisha nikakasirika.

Jumanne, 4 Machi
Nimepata mbinu! Nimeuliza upya bila kutaja radi. Ikasema vidoa mara nyingi si hatari, ila je, kuna mwanga unaomulika? Mdaku! Nikajibu hakuna. Bado ikataka nikapimwe. Nikauliza mara ya tatu: macho yamechoka kwa kushona, nifanyeje? Hapo ikaongea kiutu uzima: nipumzike, nitazame mbali mara kwa mara. Nimemsomea mke wangu kwa sauti. Hakucheka.

Jumatano, 5 Machi
Kivuli kimepanda kutoka chini. Nikifumba jicho la kushoto, mke wangu hana miguu. Naogopa. Nimetazama mbali kutwa nzima, wapi! Nimejidunga sindano mara mbili. Mke kanipokonya simu, kasoma maswali yote matatu, kaniuliza nilikuwa namdanganya nani. Kampigia kaka yake. Shemeji kaja mbio, kamba za viatu zinaburuta, kanipeleka hospitali bila kejeli hata moja. Hilo ndilo lililonitisha zaidi.

Ijumaa, 7 Machi
Nilipasuliwa jana. Daktari anasema jicho litaona, ila si kama zamani. Ningekuja Jumatatu, mambo yangekuwa mengine. Nalala kifudifudi siku saba, amri yake. Shemeji ananisomea gazeti. Nimelia kidogo. Amejifanya haoni.

Jumatano, 19 Machi
Nimerudi dukani. Nimewaapia mke na shemeji: dalili yoyote, nasema papo hapo. Saa nne, pembeni mwa jicho la kushoto kukamulika. Mara moja tu. Haya, tatu. Mke akauliza kuna nini. Nikasema taa ya duka mbovu. Nikajifungia chooni na simu, nikauliza taa inayomulikamulika hutengenezwaje. Imenijibu vizuri sana, bila udaku. Nimeweka taa mpya.

Bado inamulika.