Nimeacha Ugali Niende Kisumu

Jumatatu, 1 Julai 1974
Nimeamua. Naacha ugali! Mwalimu Machogu anachagua timu ya netiboli ya wasichana wa Ekerenyo, itakayocheza Kisumu mwezi ujao. Huko atakuwepo bwana wa kampuni fulani, na wasichana hodari atawaandika kazi. Kazi ya ofisini! Tangu nimalize Fomu Foo nachuma chai ya mama tu. Imebaki nafasi moja. Ni mimi au Orpah, binti wa mzee Obwocha mwenye duka. Orpah ni mwembamba na anajijua. Mwalimu anataka tukimbie kutoka sokoni hadi kituo cha chai bila kukaa njiani. Mimi hukaa njiani hata nikitembea.

Jumanne, 2 Julai
Zahanati. Nesi, Sista Samsam, ni mtu wa Kisii mjini, Kiswahili chake kinateleza. Amenipima. Uzito sitauandika hapa. Amesema msichana mnene hupungua vizuri akichanganya mazoezi na kupunguza vyakula vya wanga. Nimeuliza kama wanga ndio ugali. Akasema ugali, uji na wenzao wote. Nimeelewa kabisa! Mchana sikugusa ugali. Nimekula ndizi mbivu tu, viazi vitamu vya kuchoma, na muwa. Hivyo si chakula, ni vya kushikilia tumbo mtu akisubiri chakula. Njaa haikunisumbua hata kidogo. Nesi huyu ana akili sana.

Alhamisi, 4 Julai
Nimekimbia alfajiri. Balaa! Kumbe msichana mzima hakimbii barabarani bila sababu. Mzee Nyamweya alitoka na panga, akauliza mwizi ameelekea wapi. Sikuwa na pumzi, nikanyoosha mkono mbele. Mkewe akaanza kulia, akiuliza nani amekufa. Nilipofika sokoni, nyuma yangu kulikuwa na watu wa kujaza kanisa. Nikasema nawahi chumvi. Mzee Nyamweya hanisalimu tena.

Ijumaa, 5 Julai
Mbinu mpya: nakimbia na kikapu cha chai mgongoni. Ukikimbia na kikapu, watu hudhani lori la kiwanda linaondoka. Hakuna aliyeuliza kitu. Wamama wawili walitupa majembe, wakachukua vikapu vyao wakanifuata. Lori halikuwepo. Nimewaacha wakilitafuta.

Jumapili, 7 Julai
Mama amelia. Anasema tangu Jumanne hajaniona nikila. Nilikuwa nimeshika ndizi ya nne alipokuwa akisema, na sote wawili tuliona amesema kweli. Akamwita mzee Ombati wa kanisani aniombee. Mzee akaniuliza kwa upole kama nina siri. Wote wakatazama tumbo langu! Nikasema siri yangu ni netiboli. Mama akalia zaidi: "Bochaberi, watu watasema nakunyima obokima!" Moyo uliniuma. Lakini obokima, huo ugali wake, sikuugusa. Nilimeza kiazi nikachukua kingine.

Jumatano, 10 Julai
Wazo! Kama mimi nachelewa kupungua, Orpah anaweza kuwahi kunenepa. Nimempelekea ugali wa wimbi, mkubwa, pamoja na jogoo wetu mzima. Nikasema ni salamu za mama. Amekula wote. Akasema siku hizi alikuwa mchovu, sasa amepata nguvu. Kisha akapanda kilima mbio kwenda kumsimulia rafiki yake Bonareri jinsi nilivyo na roho nzuri. Mama anauliza jogoo yuko wapi.

Jumanne, 16 Julai
Nimembembeleza karani Ongeri anipime kwa mizani ya chai. Nimening'inia kwenye ndoano, wamama wakipiga vigelegele. Nimeongezeka! Basi, mizani ile imezoea majani, haijui watu. Ongeri amesema kitu kimoja tu: siku hizi nafika kituoni kabla ya kila mtu, wala sihemi. Nimefurahi kuliko nilivyomwonyesha.

Jumapili, 21 Julai
Siku yenyewe ya kuchaguliwa. Nilikimbia bila kikapu, nikahisi nimetolewa mtu mgongoni. Sikukaa! Orpah naye hakukaa. Mwalimu akatuweka chini ya goli tugombee mpira. Orpah alikuja kwa kasi, akanigonga, akaanguka yeye. Mimi sikusogea. Mwalimu alicheka mpaka akashika kiuno, akasema mlinda goli amepatikana. Nafasi ni yangu! Orpah ni wa akiba. Nimelia mbele ya watu na sioni haya.

Jumatatu, 22 Julai
Nimepeleka shukrani zahanati. Sista Samsam aliuliza nilikuwa nakula nini. Nikamweleza yote. Akakaa juu ya sanduku la dawa. Akasema ndizi ni wanga, viazi ni wanga, muwa usiseme. Kilichoniokoa ni mbio na kikapu. Nilimwonea huruma. Amesoma sana, lakini ni mtu wa mjini, atajuaje chakula ni kipi? Nikamwitikia kwa adabu. Njiani nimepanga mambo yangu: naacha na nyama na mayai pia. Kama kuacha chakula kimoja kumenifikisha Kisumu, nikiacha vitatu nitafika Nairobi.