Humaidi na Mkojo wa Buluu

Jumatatu, 2 Oktoba 1967

Hospitalini. Daktari Alois kachemsha mkojo wangu na maji ya buluu. Ukageuka rangi ya tofali. Nikasifu, rangi nzuri! Akasema hiyo ni sukari.

Eti mwili wangu unatengeneza dawa yake wenyewe, insulini, ila nyama zimekuwa viziwi. Insulini inabisha hodi, hakuna anayefungua, sukari inabaki ikizurura kwenye damu. Mishipa nayo ilikuwa ikiisikia insulini, ikilegea damu ipite. Sasa imekakamaa. Ndiyo maana miguu yangu baridi na ganzi. Niache halua, nitembee kidogo kidogo, nirudi baada ya wiki.

Nikamjulisha kwamba babu yangu alitoka hapa Tabora na pembe za ndovu hadi Bagamoyo kwa miguu. Damu hiyo ninayo!

“Damu ni ya babu, mzee Humaidi,” akasema. “Mishipa ni yako.”

Hana adabu.

Jumatano, 4 Oktoba

Balaa. Jumapili ya tarehe 15 kuna matembezi ya kuunga mkono Azimio la Arusha, hadi Kwihara na kurudi. Mzee mmoja atabeba bendera mbele. Mwenyekiti wa tawi la chama anataka barua ya daktari kwamba mzee huyo ataweza. Tunaoitaka bendera ni wawili: mimi, na jirani yangu Kornel, fundi baiskeli. Naye ana sukari! Lakini mkojo wake siku hizi haubadiliki, unabaki buluu. Kautangazia mtaa mzima.

Mke wangu Fakhria kafungia halua kabatini. Ufunguo kauvaa shingoni.

Jumapili, 8 Oktoba

Nimepata akili. Wanataka buluu? Fakhria ana buluu ya kufulia kanzu. Vijiko viwili kwenye kichupa, nikatikisa. Kama mbingu ya kiangazi! Kornel atakiona!

Ufunguo nao nimeupata, Fakhria akiwa bafuni. Halua kidogo, ya kusherehekea. Sahani moja. Mbili.

Jumatatu, 9 Oktoba

Sikujua kwamba buluu huletwa na maji yao, na kwamba mkojo unatakiwa ufike ukiwa na rangi ya mkojo.

Daktari kakiinua kichupa dirishani. Kamwita muuguzi Imakulata. Imakulata kawaita wenzake. Akasema katika miaka yake yote hajaona mtu akikojoa buluu na bado yu hai. Kisha akanusa. Akaniuliza nyumbani tunafulia sabuni gani.

Barua sikupewa. Bendera kapewa Kornel.

Jumapili, 15 Oktoba

Nimekwenda hivyo hivyo! Nimejipenyeza katikati ya akina mama wa tawi, viatu vipya miguuni. Kufika Kwihara Kornel alikuwa anachechemea, kavua viatu, anapuliza malengelenge. Mimi? Sikuhisi kitu! Nikampita makusudi, mara mbili.

Nyumbani nikavua kiatu. Soksi imelowa damu. Msumari ulikuwa umetokeza ndani ya soli, nimetembea nao safari nzima. Fakhria kapiga ukelele, kisha akakaa chini sakafuni akilia. Akaniuliza, “Baba Muhanna, unataka kuniacha mjane kwa ajili ya kitambaa?”

Kidole kilichochomwa kimekuwa cheusi.

Alhamisi, 19 Oktoba

Wodini. Daktari kasema maumivu ni mlinzi, na wangu kalala fofofo. Damu inapita kwa shida, kidonda hakipati chakula. Kikishindikana, kidole kitakatwa.

Nimeogopa. Naandika hapa tu.

Kornel kaja, ndara miguuni. Nilidhani kaja kucheka. Kakaa, kanimenyea tango. Akasema kaka yake alikatwa mguu mzima. Nikipona, tutatembea pamoja, pole pole.

Jumatano, 8 Novemba

Kidole kimesalimika! Uji wa mtama bila sukari, mboga, sindano, kutulia. Mkojo buluu, wa halali! Kidonda kimebaki kama punje ya ulezi. Daktari kasema ni mwanzo tu, ugonjwa bado upo.

Mimi naona nimepona. Nimempelekea salamu Luhende, mrina asali wa Ipole, aniletee debe. Fakhria nimemwambia ni ya kupaka kidonda. Kauliza, kidonda kama punje, debe zima?

Nimemwambia tutapaka kwa ndani.