Mashine Isiyojijua ya Chumba cha Kufulia

Jumatatu, 11 Novemba 2019. Norrköping, Uswidi. Miaka arobaini na mitano na miezi minane tangu nitoke kwetu Valdivia, Chile. Mvua. Kule pia, bila shaka.

Leo nimefanya jambo la busara. Kompyuta ya kuandikishia zamu katika chumba chetu cha kufulia, ninayoitunza mimi peke yangu katika jengo lote, huzimika kila mashine za kukaushia zinapounguruma kwa pamoja, fyuzi ikakatika. Nimepewa sanduku la kuhifadhi umeme na jirani yangu Torbjörn, fundi umeme mstaafu. La zamani, lakini zito. Nimeliunganisha. Lilikuwa na waya wa pili, mwembamba. Nikauchomeka nyuma ya kompyuta, kwa kuwa tundu lilikuwa wazi, nami sipendi tundu lililo wazi.

Saa kumi jioni. Pembeni mwa kioo imetokea picha ya betri. Imebaki asilimia sita, chomeka chaja. Chaja gani! Ni kompyuta ya mezani, nzito kama gunia la viazi. Haina betri, haijawahi kuwa nayo. Imejidhania ya kubebwa mkobani! Kisha ikalala.

Jumanne, 12. Mwenyekiti wetu Gun-Britt, mwalimu mstaafu wa hesabu, amenikuta chini ya meza. Kikapu cha nguo mkononi, kioo giza. Akasema ule ubao wa zamu wa zamani, kila nyumba ikitundika kikufuli chake kwenye saa yake, ulitumika miaka thelathini na haukusinzia hata siku moja. Keshokutwa kuna mkutano wa wakazi. Watapiga kura: kompyuta au ubao.

Ubao ukirudi, mimi nitakuwa nani? Humu kuna Gun-Britt wa mikutano, Torbjörn wa taa, na Eliseo wa kompyuta. Kabla ya kompyuta nilikuwa yule mgeni wa ghorofa ya tatu. Kwa miaka thelathini na minane!

Nimefungua kasha la kompyuta. Nimepangusa vumbi, nimesugua vijiti vya kumbukumbu kwa kifutio. Nikawasha. Asilimia sita. Chomeka chaja.

Jumatano, 13. Hila mpya. Kipanya kikitikisika, kompyuta hailali. Na nani hutikisika kutwa? Mashine ya kufulia! Nimekiweka kipanya juu yake, nikakilaza chini ya soksi iliyojaa vibanio vya nguo kisianguke. Nikapanda kunywa kahawa. Nilijiona mtu mkubwa.

Msiba! Vibanio vilikuwa vikibonyeza. Ukurasa uliokuwa wazi ni wa Gun-Britt, aliyeingia wa mwisho. Kajikuta na zamu zote hadi Krismasi! Na kompyuta imelala vilevile. Kufikia saa nane mlangoni pamebandikwa karatasi, bila jina, kama ilivyo desturi: Majirani wapendwa, na sisi wengine tuna nguo chafu. Alama tatu za mshangao na uso unaotabasamu. Humu mtu husamehewa talaka tatu, lakini si zamu ya mwenzake.

Ningeweza kunyamaza. Mwenyekiti aliyeaibika hana wa kumsikiliza. Nimeliwaza hilo kwa vikombe viwili vizima.

Alhamisi, 14. Mkutano, palepale katika chumba cha kufulia. Kahawa, maandazi ya mdalasini. Watu kumi na watano, na hakuna aliyemtazama Gun-Britt. Alikuwa amekishika kikombe kwa mikono miwili. Nikasimama kabla sijafikiri, nikaeleza yote: kipanya, soksi, vibanio. Kisha Gun-Britt akacheka mpaka kahawa ikamwagikia sketi. "Eliseo wewe! Umri wote huo, na bado unacheza na soksi!"

Torbjörn alikuwa keshajipenyeza chini ya meza. "Huu waya mwembamba kauchomeka nani?"

Nikasema tundu lilikuwa wazi.

"Na mdomo wako ukiwa wazi, tuchomeke nini?"

Akaung'oa. Picha ya betri ikatoweka palepale. Akaeleza kwamba sanduku lina betri yake, chakavu, na kwa waya ule lilikuwa likiinong'oneza kompyuta kutwa nzima: unayo betri, nayo inakwisha. Kompyuta ikasadiki. Mwenye betri ni wa kusafiri.

Kura: nane kwa saba, kompyuta ibaki. Mkono wa nane ulikuwa wa Gun-Britt. Nimeuona.

Ijumaa, 15. Chini ya kitanda changu kuna sanduku la nguo, limefungwa tayari kwa safari tangu mwaka wa 1974. Kila majira ya kuchipua nililianika, nikabadilisha mashati, nikalifunga tena. Leo nimelifungua, mashati nimeyatia kabatini. Sanduku lenyewe imara. Nimelishusha hadi chumba cha kufulia, nikaiweka kompyuta juu yake, maji ya mvua yanayopenya sakafuni yasiifikie.

Imekaa vizuri. Haidai chaja.

Tundu la nyuma sasa li wazi. Katika kikapu cha Torbjörn nimeona waya mwingine unaoelekea kulienea sawasawa. Nitaujaribu Jumatatu, kabla watu hawajaamka.

Valdivia sitarudi.