Mchongaji Aliyefariki Bila Kuarifiwa

Ziwani, Nairobi
14 Machi 1983

Kwa Msimamizi,
Jumba la Makumbusho na Utamaduni

Bwana Mheshimiwa,

Ninakuandikia nikiwa mzima wa afya, jambo ambalo ofisi yako inalipinga.

Mimi ni Kiilu, mchonga vinyago. Kwa miaka kumi na miwili nilikuwa fundi katika jumba hilo, lilipokuwa makao ya marehemu Bwana Ramnik, mwenye kiwanda cha sabuni kule Baba Dogo. Mwezi uliopita nilimleta mke wangu, Nzilani, aone mlivyoligeuza makumbusho. Sebuleni tulikuta kigoda changu kimezungushiwa kamba, na kibao kimeandikwa: "Mchongaji hajulikani. Alifariki zamani." Malalamiko yangu ni haya:

1. Sijafariki. Nilimweleza hivyo askari wenu, Omolo, kwa upole. Alikisoma kibao tena, akaniangalia, akasema, "Mzee, hapa imeandikwa umekufa. Mimi nalinda kile kimeandikwa." Nilipokalia kigoda ili aone kinavyonitosha, alinishika mkono akanitoa nje.

2. Habari zilitutangulia Ziwani. Akina mama wa kanisa walikuja na sukari na majani ya chai kumfariji Nzilani. Waliponikuta mezani nikila, waliimba wimbo mmoja tu, wakaondoka na sukari yao. Majani waliyasahau. Tunakunywa chai bila sukari mpaka leo.

3. Ijumaa mlifanya tamasha la kuwakumbuka wachongaji waliotutoka. Nilihudhuria. Mlipoomba watu wasimame kimya dakika moja kwa ajili yangu, nilisimama pia, maana kuketi kungekuwa utovu wa adabu. Hotuba ilinitoa machozi. Sijawahi kusifiwa hivyo na mtu anayenijua.

4. Kwa hiyo naomba moja kati ya mawili. Mbadilishe kibao, au mnizike rasmi hapo bustanini, upande wenye kivuli. Mkichagua la pili, nitakuwa nikija kila Jumamosi kupalilia kaburi langu, na wageni wakitaka kuniuliza lolote nitawajibu.

Wasalimie wafagiaji, mpishi, Omolo, na wote waliosimama ile dakika.

Wako aliye hai,
Kiilu

Baada ya kuandika: Nzilani ameisoma barua hii kabla sijaitia stempu. Anasema kigoda alikichonga kaka yake, Kisilu, na mimi nilikipiga msasa tu. Nimefikiri sana, naona ni kweli. Shemeji Kisilu anaishi mtaa wa Lucky Summer, ni mzima kabisa, na ana maneno mengi. Tafadhali kibao kiachwe kama kilivyo.