Ramani ya Mwalimu Rwegasira Haina Kosa

Jumatatu, 5 Agosti 1974
Chuoni, Nyakato. Mwalimu Rwegasira ametangaza kwamba atapeleka jina moja tu Dar es Salaam kusomea uinjinia. Moja! Litakuwa langu. Baba ameshatangaza Buswelu nzima, na wanawake kisimani wanamwita mama Mama Injinia. Nikirudi mikono mitupu, mama atauficha wapi uso?

Mkakati wangu: adabu. Hakuna mwalimu asiyependa adabu. Nimempokea mkoba getini, nikampa shikamoo mbili, moja yake na moja ya mkewe aliyebaki nyumbani.

Jumanne, 6 Agosti
Mwalimu amechora ubaoni ramani ya maji ya bustani yetu. Tangi bondeni. Bustani juu mlimani. Katikati bomba. Pampu hakuna! Maji yatapandaje? Sote tumeona, darasa zima limekohoa. Mwalimu akauliza kama kuna swali. Kimya. Akauliza tena, karibu atubembeleze. Nikasimama kwa niaba ya wenzangu nikamwambia ramani haina kosa, tena mistari imenyooka sana. Amenitazama kwa huzuni. Labda tumbo linamsumbua.

Jumatano, 7 Agosti
Nimejitolea kuongoza uchimbaji wa mtaro wa bomba. Mawe matupu! Rafiki yangu Mhoja kaniuliza kama kweli maji yatapanda. Nimemjibu hayo ni mambo ya maji, sisi tuchimbe. Malengelenge mikono yote miwili.

Alhamisi, 8 Agosti
Fedheha! Jovitha, msichana pekee darasani, binti wa Kihaya kutoka Bukoba, amenyoosha kidole akamwambia Mwalimu mbele ya watu kwamba ramani yake ina kosa. Mtu mzima! Msomi! Mtu aliyesoma Hungaria akarudi na koti la manyoya! Niliona aibu mimi, Mwalimu mwenyewe ameketi anatabasamu.

Mwalimu akapiga makofi. Eti kosa aliliweka makusudi. Eti tangu Jumanne anasubiri mtu ampinge. Eti injinia anayeogopa kumwambia mkubwa kwamba amekosea, siku moja ataua watu darajani. Kwa hiyo mtaro nimechimba bure?

Nikamwendea Jovitha kumuuliza kama hakumwonea haya mzee wa watu. Kasema alimwonea haya sana, ila aliionea huruma zaidi mikono yangu. Kisha akanipa mafuta ya kupaka. Wahaya bwana!

Ijumaa, 9 Agosti
Mkakati mpya: kupinga. Mwalimu kasema zege jipya lazima limwagiliwe maji kila siku. Nikasimama. Napinga! Akafurahi mno, akauliza sababu. Ala, kumbe na sababu inatakiwa? Nikamwambia napinga kwa sababu amesema yeye. Wenzangu wakacheka hadi wakashika mbavu. Mwalimu akasema basi, leo Ijumaa, tukapumzike. Nikapinga na hiyo Ijumaa.

Jumamosi, 10 Agosti
Wazazi wamekuja kuona jiwe la msingi la tangi likiwekwa. Mahali pake sasa ni juu mlimani. Mwenyekiti wa tawi la chama, Mzee Kashindye, akasema tangi hili litawanywesha hadi wajukuu zetu. Nikapaza sauti: napinga! Mzee Kashindye akauliza yule ni mtoto wa nani. Baba alikuwa mstari wa mbele. Akageuka, akatazama ziwa kule chini.

Jina likatangazwa. Jovitha. Nimepiga makofi kidogo, halafu nikapiga kwelikweli, maana anastahili. Mama alivaa kitenge chake kipya. Akaniuliza taratibu kama mainjinia hawawezi kuwa wawili. Nimeumia, jamani. Nimeenda kulia nyuma ya karakana.

Jumapili, 11 Agosti
Mungu mkubwa! Mwalimu kaniita kwake baada ya misa. Nafasi ya pili imepatikana, na Jovitha ndiye aliyemwomba anifikirie mimi. Mke wa Mwalimu akaniwekea chai ya maziwa na ndizi za kukaanga. Mwalimu akatandika mezani ramani ya choo kipya cha chuo. Akasema niitazame polepole, nimwambie ukweli mtupu, hatakasirika hata chembe. Akaniita mwanangu.

Nikatazama. Choo hakina mlango! Ukuta pande zote nne, mtu aingie kama popo, kwa juu. Nikamtazama na Mwalimu. Mvi zimemjaa. Miwani kaifunga kwa uzi. Kikombe changu kilipoisha, alinimiminia kwa mkono wake mwenyewe. Sasa mtu mwenye malezi anakunywaje chai ya mzee, kisha anamwambia choo chake hakiingiliki?

Nikamwambia sijawahi kuona choo kizuri namna ile.

Akauliza kama nina hakika. Nikamwambia nina hakika kabisa, tena kiko imara, hata upepo hauwezi kuingia. Akavua miwani, akafumba macho muda mrefu. Ameguswa, nimeona mwenyewe.

Nimeazima sanduku la Mhoja. Nguo zangu zote zimeingia.